Roho ya Clara

Durban, 14 Aprili 2024

Yaya Colette,

Kabla ya yote, dada yangu, niambie Mama amelala namna gani. Miguu bado inavimba? Ile dawa ya presha anakunywa, ao anaificha chini ya godoro kama mwaka jana? Na wewe na watoto je? Mimi niko mzima. Mvua imenyesha wiki nzima, nguo hazikauki, ukuta wa chumba changu umeota ukungu wa kijani. Lakini napumua, namshukuru Mungu.

Najua unacheka, mtu wa Durban anaandika kwa kalamu. Ni Mama huyo. Alisema ujumbe wa simu hauna harufu, yeye anataka karatasi ya kushika. Basi. Hardy, yule dereva wa basi, atabeba hii mpaka Lubumbashi, na kule atamtafuta mtu wa Kalemie kama kawaida yake.

Uliuliza huyu mzungu wangu ni nani hasa, juu Mama anaogopa nimeingia dini ya ajabu. Hapana, jamani! Mzee Ewald ni fundi wa fidla, ile yenye Papa alikuwa anaita violoni. Ni Mjerumani. Alizaliwa mji mdogo chini ya milima ya theluji, na anasema kule kila nyumba ilikuwa na mbao zinakauka darini. Babu yake fundi, baba yake fundi. Baba huyo alikuwa mkali: ukikosea unene wa ubao kidogo tu, ubao unaingia jikoni. Mzee anasema kazi yake yote ya mwaka wa kwanza ilipikia supu. Alipokuwa fundi kamili waligombana, kwa sababu baba alitaka kila fidla itoke na jina la baba. Ndipo akapanda meli. Mwaka 1974 akashuka hapa, atunze vyombo vya orkestra miaka miwili, halafu arudi kwao. Hakurudi. Akafungua atelye, karakana yake, hapa Umbilo, akaoa, akatengeneza fidla zenye watu wanapiga mpaka Cape Town, mpaka kwao Ujerumani.

Sasa watu wananunua za China, na mikono yake inatetemeka, patasi haishiki tena. Mimi nilikuwa nalinda magari barabarani pale, nikamuona anahangaika na gogo, nikamwambia baba yangu alikuwa seremala. Ni miaka sita sasa. Yeye anasema, mimi nakata. Nampikia, namuogesha akikubali, na akikataa tunagombana.

Nyumbani tuko watatu: Mzee, mimi, na Clara. Clara hatoki. Ndiye kipenzi cha Mzee. Kila asubuhi, kahawa bado, anaenda kumsalimia kwa Kijerumani chake. Mimi sina ruhusa ya kumgusa. Nikipita tu karibu yake, Mzee anakohoa! Nafikiri iko siku atanikubalia.

Mwambie Mama aombee mikono yangu, ndiyo inanilisha.

Séba wako


Kalemie, 30 Mei 2024

Mdogo wangu Séba,

Karatasi imefika, imekunjwa kama mkate wa jana, lakini imefika. Mama ameinusa kwanza, akasema inanuka gundi, akafurahi. Nimemsomea mara tatu. Sasa anajua maisha ya Mjerumani wako kuliko ya mapadri wetu.

Watoto wazima. Ziwa limepanda tena, limekula uzio wa Mama Laurette, sisi bado. Simu yangu imekufa kabisa, kioo kimepasuka na fundi wa sokoni amezidi kuiua, kwa hiyo usishangae ukipiga na hakuna anayeitika.

Mama hayuko vizuri, sitakudanganya. Miguu imevimba mpaka magotini na usiku anapumua kwa kukaa. Daktari alinivuta pembeni, akasema moyo umechoka, tumwepushe na mshtuko. Nikamwambia, daktari, sisi tunaishi Kalemie, mishtuko tunaamka nayo. Akacheka kidogo tu.

Mama anauliza Clara ni mke wa Mzee ao ni binti? Ni mgonjwa, kwamba hatoki? Anasema umuogope Mungu, mtu wa ndani ya nyumba ya watu usimzoee. Anasema uwaheshimu wote wawili. Unijibu hilo, maana kila siku ananiuliza kama umejibu.

Yaya Colette


Durban, 17 Juni 2024

Yaya,

Salamu fupi, unisamehe, Hardy anapiga honi nje na basi halingoji mtu. Karatasi yako imefika ila sina nafasi ya kujibu. Simu yangu wameninyang'anya mjini, kwenye robot, zile taa za barabarani, namba zote zimeenda. Usinitafute kule.

Yaya, nimefanya vibaya. Ni Clara. Jumapili Mzee alikuwa amelala, nikasema leo namsafisha, ana vumbi la miaka, Mzee ataamka afurahi. Nilimlaza chali juu ya meza, nikamshika shingo. Nikalegeza kamba zote mara moja, kitu chenye Mzee alinikataza tangu siku ya kwanza. Nikasikia ndani yake kitu kinaanguka. Eish, Yaya. Nikajua roho imetoka. Nilimtikisa, nilimgeuza, wapi! Mzee alinikuta bado nimemshika. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni tu.

Tangu siku ile hasemi na mimi neno moja, na chakula anakisukuma. Roho ya Clara imetoka mikononi mwangu, na hakuna wa kuirudisha. Sijui nitafanya nini. Nalala nje ya mlango wa Mzee nisikie kama bado anapumua.

Usimsomee Mama hii.

Séba


Kalemie, 28 Julai 2024

Sébastien,

Watoto wazima, mvua hakuna. Salamu zimeisha.

"Usimsomee Mama." Umeandika mstari wa mwisho! Wa mwisho, wewe mtu! Hujui mimi nasoma kwa sauti, tangu juu, Mama amekaa mbele yangu na mikono magotini? Nilikuwa nishafika pa shingo ndipo nikakatiza. Mama akasema, "Rudia hapo." Nikasema, Mama, mwandiko mbaya. Akasema, "Colette, rudia." Nikarudia. Nikasoma mpaka chini.

Umefanya nini? Umeua mtu, Séba? Umeua mwanamke mgonjwa katika nyumba ya mzee aliyekuokota barabarani? Nilienda kuomba simu kwa jirani nikakupigia mpaka betri ikaisha, nikasahau kwamba wamekuibia. Uko wapi sasa? Gerezani? Ukiwa nje, usikimbie. Mama amesema hivyo: asikimbie.

Hakulia. Alivua kitambaa cha kichwa, akateremka kitandani, akakaa chini kwenye mkeka. Akauliza Clara alikuwa na miaka mingapi. Nani ajue? Tangu siku hiyo anakula kama ndege. Anasema chakula hakishuki, kwamba mama wa Clara, popote alipo, naye hakimshuki. Nilimuita Abbé Anatole. Ameingiza jina la Clara katika misa ya Jumapili, na mtaa mzima umekuja kukaa matanga pamoja nasi. Wanatupa pole. Wanadhani ni ndugu yetu wa Durban. Mimi nimewaacha wadhani hivyo.

Mama amenipa maneno ya kumpelekea Mzee wako. Nimeyaandika kama alivyoyasema, nawe umsomee kama hivyo, usiongeze kitu:

"Mzee Ewald, mimi ni Estella, mama wa Sébastien. Mtoto wangu amemtoa roho mtu wako. Ni mimi niliyemzaa, basi kosa lake limeingia na kwangu. Hapa tumekaa chini kwa ajili ya Clara, tumemlilia kama wetu. Sijui alikuwa anapenda nini. Ukipata nguvu uniambie, nipate kumlilia vizuri. Na wewe ule kidogo."

Nimemaliza.

Colette


Durban, 20 Agosti 2024

Yaya! Yaya Colette!

Clara si mtu! Clara ni fidla! Sikuua mtu, naapa kwa kaburi la Papa, sijawahi kuua hata kuku bila kufumba macho! Acha kila kitu, msomee Mama sasa hivi, halafu ndio uendelee.

Oh Mungu wangu, ni mdomo wangu na haraka yangu. Hapa kazini kila fidla tunaiita kwa jina la mwenyewe. Ina shingo, ina mgongo, ina tumbo, ina mbavu, vyote tunasema hivyo kama ni mtu, na nimezoea mpaka nimesahau kwamba nyinyi hamko ndani ya atelye. Na roho, sikiliza vizuri: ndani ya fidla iko kijiti cha mviringo, kama penseli, kimesimama kati ya tumbo na mgongo. Hakina gundi, hakina msumari. Kinashikwa na mkazo wa kamba tu. Wafaransa wanakiita âme. Mzee aliposikia mimi nimesoma Kifaransa akakiita hivyo, mimi nikamwambia kwetu hiyo ni roho, akapenda, na tangu hapo ni roho. Kisipokuwepo, fidla inalia kama sanduku la sabuni. Ndiyo maana kamba unabadilisha moja moja. Ukilegeza zote pamoja, roho inaanguka. Ndicho nilichofanya. Hicho tu.

Nasema hicho tu, lakini sikujua. Ni Shamima, jirani yetu wa siku nyingi, ameniambia. Clara alikuwepo, Yaya. Alikuwa mtoto wa Mzee, wa pekee. Mzee alimtengenezea ile fidla ndogo alipotimiza miaka tisa, na roho aliisimamisha yeye mwenyewe, mtoto amesimama pembeni anaangalia. Kabla mwaka haujaisha homa ya ubongo ikamchukua. Mke alirudi Ujerumani. Mzee akabaki, kwa sababu kaburi liko hapa, kule Stellawood. Na miaka yote hii ile roho ilisimama pale pale Mzee alipoiweka, mtoto akiwa hai. Mimi nimekuja na kitambaa changu cha vumbi nikaiangusha.

Mafundi wengine wangeisimamisha tena, hata mimi naweza. Hataki mkono wa mtu. Anajaribu mwenyewe, chuma chake chembamba cha kuisimamishia kinatetemeka, kijiti kinaanguka, anaweka chini, kesho tena. Anakunywa chai na biskuti tu. Amekonda mpaka pete imemtoka.

Maneno ya Mama sikumsomea. Ningeanzaje? Nimeyaficha.

Lakini Mama asife na uongo huu moyoni, Yaya, nakuomba, nakupigia magoti. Kwenye bahasha nimetia roho moja, nimeichonga leo, ashike aone ni mti. Namba yangu mpya iko nyuma ya karatasi. Azima simu kwa mtu yeyote, mpe Mama, nimwambie kwa mdomo wangu.

Séba


Durban, 3 Oktoba 2024

Yaya,

Mtu wa Hardy anasema alikukabidhi barua mkononi tangu Septemba, na kwamba uliisoma umesimama. Basi mbona kimya? Simu nalala nayo shavuni. Ikilia nafikiri ni namba ya Kongo, kumbe ni mtu wa kanisa la hapa anataka nimtengenezee viti.

Mzee bado hasemi. Sasa nyumba hii ina watu wawili na hakuna sauti. Nakata mbao zenye hakuna aliyeziagiza, nisikie msumeno angalau.

Mama alisikia ao hakusikia? Niambie hilo moja. Ukikasirika na mimi, kasirika, unayo haki. Niambie tu kama alisikia.

Séba


Kalemie, 27 Oktoba 2024

Séba wangu,

Umeamkaje huko? Sisi tumeamka. Mvua zimeanza, bati la jikoni linavuja upande wa kushoto. Mtoto wangu mkubwa amefaulu mtihani. Mama Laurette amehamia kwa dada yake, ziwa limemaliza uwanja wake. Dagaa wamerudi sokoni, wadogo wadogo. Nimeandika karatasi hii mara nne, na kila mara ninafika kwa dagaa ninaacha.

Sawa. Nasema.

Mama ametutoka tarehe ishirini na moja Septemba, alfajiri, amekaa hivyo hivyo, mgongo kwenye mto. Barua yako ilikuwa imefika siku tisa kabla.

Nilimsomea, Séba. Usifikiri sikumsomea. Nilikimbia nayo tangu barabarani, nilikuwa nacheka na kulia kama kichaa. Nilisoma yote. Nikamtia kijiti mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho, ametulia. Halafu akanitazama kwa huruma, akasema, "Colette, hii umeandika wewe."

Nikasema, Mama, ni mwandiko wa Séba! Akasema macho yake hayaoni mwandiko siku nyingi. Akasema, "Nani duniani anaita kijiti roho? Roho iko ndani ya mtu. Mnataka nife vizuri, asanteni, mna moyo mzuri. Lakini mimi nilishamsamehe. Sihitaji hadithi." Nilimuita Abbé, akasoma yeye. Mama akasema Abbé naye ameingia katika mpango wetu. Niliapa kwa watoto wangu. Akanipapasa mkono, akasema usiape bure.

Namba yako niliiona. Niliazima simu siku ile ile, nikaipiga kutwa nzima. Mtandao ulikuwa umekufa mji mzima tangu mvua ya kwanza. Ulirudi baada ya mazishi. Halafu nilikuwa nayo mkononi, namba yako imeandikwa, na sikuweza. Kuandika naweza. Kukuambia kwa mdomo, nikusikie unavyonyamaza, hapana.

Hakuondoka amekukasirikia. Hilo ndilo linanila. Alikupenda na kosa lako lote, alikuombea kwa jina, wewe kwanza, halafu Clara, halafu sisi wengine. Alikupenda sana kuliko alivyotupenda tusioua mtu. Nimejilaumu: nisingesoma kwa sauti. Nimekulaumu na wewe pia, sitaficha. Leo nimechoka kulaumu.

Abbé anauliza jambo. Jina la Clara bado liko katika misa ya wafu, watu wamelizoea, wanaliitikia. Sasa tunajua hatukumpoteza sisi, ni mtoto wa watu wa mbali, wa zamani. Alifute ao aliache? Anasema mwenye kujibu ni baba yake.

Yaya wako


Durban, 24 Novemba 2024

Yaya Colette,

Pole na kazi yote uliyoifanya peke yako. Kumuosha, kumvalisha, kuwapikia watu. Mimi nilipaswa kubeba jeneza mbele, nilikuwa hapa nakata mbao.

Karatasi yako niliisomea barabarani, Hardy bado amesimama mbele yangu. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia kwa sauti mpaka Shamima akafungua dirisha. Nilipiga ukuta kwa ngumi. Sikuua mtu, Yaya! Sikuua mtu, na mtu mmoja tu ndiye nilitaka anisadiki, na amenisamehe badala ya kunisadiki. Huo msamaha nitauweka wapi? Nitaupeleka kwa nani, niseme chukua, si wangu?

Nilipoingia, Mzee alikuwa mezani na chuma chake. Alinitazama ngumi, damu. Nikasema basi, nimechoka kuficha. Nikatoa maneno ya Mama, nikamsomea kwa Kiswahili kwanza, yatoke kama yalivyotoka kwake, halafu kwa Kiingereza. Nikamwambia namna mlivyofikiri Clara ni mtu niliyemuua, na mkekani mlivyokaa, na mtaa mzima.

Akaweka chuma chini. Akanifanya nirudie pale: "Sijui alikuwa anapenda nini." Nikarudia.

Akasema. Mara ya kwanza tangu Juni, Yaya, akasema. Sauti imekwaruzika, sikuitambua. Akasema, "Mbwa wa jirani. Na kuogelea. Fidla alikuwa haipendi. Ilimuuma shingo. Mimi nilimlazimisha." Halafu akalia, mzee wa miaka themanini, mdomo wazi kama mtoto, na mimi nikalia pembeni yake, kila mtu kwa wake.

Baadaye akapangusa uso kwa aproni, akavuta karatasi, akanisukumia kalamu. "Andikia mama yako sasa hivi," akasema. "Andika kwamba hukuua mtu yeyote. Andika kwamba mimi, baba wa Clara, nimesema. Nitatia sahihi. Mimi atanisadiki."

Nikashindwa kuishika kalamu. Nikamwambia, Mzee, barua ya leo ndiyo ya kuniambia amekufa.

Hakuwa ameelewa. Alibaki ameishika ile karatasi tupu hewani mpaka nikaitoa mkononi mwake. Nikamuuliza swali la Abbé, alifute jina ao aliache. Yeye akauliza mama yangu alikuwa anaitwa nani, kwamba amesahau.

Nikasema Estella.

Kwa hiyo mwambie Abbé asifute. Hilo ni jibu la baba yake. Na anaomba, kama inawezekana huko kwenu, wasome majina yote mawili kwa pumzi moja, Clara na Estella.

Séba